Mangi kashushiwa limiti: simu inajuaje kama utalipa deni?

Mwezi wa kwanza mwaka huu Mangi, yule Mchaga mwenye duka la mtaani kwetu, aliniita pembeni ya friji la soda akanipa simu yake nisome meseji. Fupi tu, inasema kiwango chake cha mkopo wa kwenye simu kwa sasa ni shilingi 60,000. Novemba kilikuwa 250,000. Na huyu mtu hajawahi kuchelewesha rejesho hata siku moja, mkopo wa mwisho kalipa siku nne kabla, alafu leo anaambiwa elfu sitini ambayo kwa mzigo wa duka lake ni hela ya kuchezea. Kapiga huduma kwa wateja, kasikiliza muziki weee, mwishoni dada wa watu akamwambia mfumo ndio unaamua, sisi huku tunaona tu kama unavyoona wewe. Sasa ananigeukia mimi, we si unajua mambo ya kompyuta, ebu niambie, hii simu imenichukia au kuna mtu kanichongea?

Nilicheka, alafu nikajikuta sina jibu la kumpa hapo hapo nimeshika soda. Jibu lipo ila ni refu, na watu wengi wanalo kichwani limepinda, wengine wanadhani kuna mtu amekaa ofisini anapitia meseji zao moja moja, wengine wanadhani limiti ni kama heshima, ukiwa mtu mwema inapanda ukiwa mswahili inashuka. Sio hivyo. Kwaiyo acha niliandike taratibu, na naanza na Mangi mwenyewe maana na yeye ni mkopeshaji.

Ana daftari, lile kaunta buku lenye jalada gumu, kona zimekunjika na ukurasa wa katikati una doa la mafuta ya kula. Humo ndani hakuna majina ya kwenye kitambulisho. Kuna Mama Zai, Fundi Geti Bluu, Boda Mrefu, Ticha. Ukilipa anakata mstari kwa peni nyekundu. Boda Mrefu mwisho wake elfu tano, hata alie. Ticha anaweza kufika elfu arobaini maana Mangi anajua mshahara unaingia lini na anajua mwezi gani umechelewa. Fundi aliwahi kukaa wiki tatu hajalipa na Mangi hakusema kitu, alishasikia kwa mke wake kwamba jamaa kaanguka kwenye jukwaa la ujenzi, mguu uko kwenye plasta. Hayo yote hayajaandikwa popote, yako kichwani, na yamemchukua zaidi ya miaka kumi ya kukaa nyuma ya ile nondo. Shida yake ni kwamba yanaishia kwenye kona ya mtaa. Mtu wa mtaa wa pili akija kuomba unga kilo mbili kwa mkopo, Mangi anamwangalia tu.

Benki nayo ina ugonjwa huo huo, ila kwa suti. Ili ikujue inatuma afisa, anakagua biashara, anaomba hati, barua ya serikali ya mtaa, mdhamini, slipu ya mshahara. Kazi hiyo gharama yake ni ile ile ukiomba milioni tano au ukiomba elfu hamsini. Kwa elfu hamsini faida yote inaishia kwenye nauli ya afisa. Watu wanasema benki zilikuwa zinadharau watu wa chini, na inawezekana kabisa, ila hata ile isiyodharau hesabu zilikuwa haziji.

Kilichobadilisha hesabu ni simu. M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007, mwaka uliofuata ikaingia Tanzania, na wakati huo kila mtu aliona ni njia ya kutuma hela kijijini. Ambacho wengi hatukukiona ni kwamba kila ukituma, kila ukipokea, kila ukinunua vocha, unaandika mstari kwenye daftari la mtu mwingine. Na daftari hilo haliishii kwenye kona ya mtaa. Novemba 2012 Safaricom na benki iliyokuwa inaitwa Commercial Bank of Africa wakaleta M-Shwari, unaomba mkopo kwenye simu na unajibiwa muda huo huo, bila fomu, bila mdhamini. Wewe hawakujui, ila wanajua laini yako ina umri gani, unaweka vocha mara ngapi, hela inaingia na kutoka vipi. Mwaka 2014 Vodacom Tanzania na benki hiyo hiyo wakaja na M-Pawa. Mwaka huo huo Wamarekani wakaingia Kenya na programu iliyoitwa Mkopo Rahisi, ambayo sa hivi mnaijua kama Tala. Januari 2019 ikaja Fuliza ya Safaricom, ambayo haisubiri hata uombe mkopo, we unalipia kitu, salio halitoshi, yenyewe inajazia. Na huku kwetu nazo zikaja za aina hiyo hiyo.

Sasa mashine yenyewe inafanyaje. Watu sa hivi kila kitu wanakiita akili mnemba, na kwenye hili hawajakosea sana, ila usipate picha ya roboti anayewaza. Chukulia kampuni imeshawakopesha watu laki moja. Kwa kila mmoja inajua vitu mia kadhaa vya kabla ya mkopo (umri wa laini, siku ambazo salio lilikuwa sifuri, mara ngapi hela imeingia ndani ya mwezi, kama zinaingia kutoka kwa watu wengi au mmoja, na kadhalika) na inajua kitu kimoja cha baada ya mkopo, alilipa au hakulipa. Kompyuta inapewa lundo hilo inaambiwa tafuta maswali yanayotenganisha waliolipa na wasiolipa. Inaanza kukata. Laini ina zaidi ya mwaka? Wa ndiyo huku, wa hapana kule. Kati ya wa ndiyo, wiki nne zilizopita hela imeingia zaidi ya mara sita? Tena wanagawanyika. Mwisho unapata kama mti wenye matawi, na kila tawi lina watu wake na idadi ya walioshindwa kulipa. Mti mmoja unakosea sana, kwaiyo wanapanda mamia, kila mti unaofuata unarekebisha makosa ya uliotangulia, alafu majibu yanajumlishwa. Ukibonyeza "omba mkopo", unapitishwa kwenye msitu huo mzima kabla hujapepesa jicho, na kinachotoka upande wa pili ni namba moja, mfano, kati ya watu 100 walioacha nyayo kama zako, 7 hawakulipa.

Rudia hiyo sentensi maana ndo kiini cha kila kitu. Mashine haijasema wewe hutalipa. Haijui. Imesema watu wenye nyayo kama zako. Mangi anamjua Fundi, mashine inajua watu 100 wanaofanana na Fundi kwa mbali ukiwaangalia kupitia tundu la ufunguo.

Na nyayo zenyewe ni za ajabu kweli. Mwanzilishi wa Tala, Shivani Siroya, alisimama kwenye jukwaa la TED mwaka 2016 akaeleza hadharani kwamba mtu anayewasiliana na watu wengi tofauti, na anayepigia ndugu zake simu mara kwa mara, analipa vizuri zaidi. Huko Ujerumani watafiti walichambua manunuzi zaidi ya laki mbili kwenye duka la mtandaoni linalotuma mzigo kwanza unalipa baadaye, wakaangalia vitu vya kijinga kabisa, mteja anatumia simu ya aina gani, kanunua saa ngapi, kakosea kuandika barua pepe yake au la, jina lake limo kwenye hiyo barua pepe au kaandika mambo yake mengine. Vitu hivyo vidogo vikatabiri nani hatalipa kwa uzuri ule ule, au kidogo zaidi, wa alama za taasisi kubwa ya kumbukumbu za mikopo. Utafiti ulichapishwa 2020. Kwaiyo ule utani kwamba mtu wa iPhone anaaminika zaidi, huko Ujerumani ulionekana kwenye namba, na sio kwa sababu iPhone inafundisha uaminifu, ni kwa sababu anayeimudu mara nyingi ana hela.

Sasa tuje kwenye hesabu, na hapa naomba utulie maana ndo pale watu wanapodhani wanaonewa kumbe ni kujumlisha na kutoa tu. Tuseme nakopesha watu 100, kila mmoja elfu 10, jumla milioni moja. Ada yangu asilimia 10, yaani anayelipa ananirudishia elfu 11. Wasipolipa watu 9, nimepoteza 90,000, na wale 91 wamenipa ada ya 91,000. Nimebaki na buku, yaani elfu moja. Wasipolipa 10, nimepoteza laki moja na ada imeingia 90,000, nimekula hasara. Kwaiyo mimi mpaka wangu uko hapo, kundi ambalo zaidi ya 9 kati ya 100 hawalipi silitaki, hata kama 90 ndani yake ni watu safi kabisa. Hao 90 ndo wanaoniuliza kwa nini umeninyima, sijawahi kudaiwa na mtu. Kweli hujawahi. Umenyimwa kwa ajili ya jirani yako wa kwenye tawi.

Alafu pandisha ada iwe asilimia 20. Sasa naweza kuvumilia mpaka watu 16 wasilipe na bado nikabaki na elfu nane. Unaona kinachotokea? Kadiri mkopo unavyokuwa ghali ndivyo mlango unavyofunguka kwa watu wengi zaidi, na wanaolipia huo upana wa mlango ni waaminifu. Ndo maana zile programu zinazompa mtu yeyote mkopo ndani ya dakika mbili lazima ziwe na bei ya kuua, la sivyo zinakufa zenyewe. M-Shwari ilivyoanza ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Haionekani kubwa, ila ukikopa hivyo kila mwezi mwaka mzima ni asilimia 90. Wenyewe wakasema hiyo sio riba, ni ada, na hata Kenya ilipoweka kikomo cha riba za benki kuanzia 2016 mpaka 2019, ile ada ikabaki pale pale inapunga upepo.

Kuna kitu kingine ambacho mimi nikikifikiria ndo kinanisumbua kuliko huo ughali. Mashine inajifunza kwa makosa yake, sawa, lakini makosa ni ya aina mbili. Ikimpa mkopo mtu asiyelipa, kosa linaonekana, limeandikwa, hela imepotea, mwezi ujao miti inarekebishwa. Ikimnyima mtu ambaye angelipa, hakuna kinachotokea. Hakuna mstari. Yule mtu anaondoka, anakopa kwa shemeji yake, analipa, na mashine haitakuja kujua kamwe. Kwaiyo mfumo unaweza kuwa unawakosea watu wa aina fulani miaka na miaka na ripoti zake zote zikaonyesha uko vizuri, asilimia ya wanaolipa iko juu, mabosi wanapigiana makofi.

Mfano mzuri ni mkulima wa korosho Mtwara. Hela yake inaingia kwenye msimu wa mnada, Oktoba mpaka mwaka unaisha hivi, kwa mkupuo kupitia chama cha msingi. Miezi mingine laini yake inapokea elfu mbili tatu za mtoto aliyeko mjini. Ukimpitisha kwenye mti uliojifunza kwa bodaboda wa Dar anayepokea buku kila saa, anaonekana ni mtu asiye na kipato. Anaweza kuwa na heka kumi za mikorosho inayozaa, mti hauoni mti. Na hata akipewa, anapewa mkopo wa siku 30 wakati yeye anahitaji wa miezi nane, wa kununua salfa ya kupulizia alipe akiuza. Mkopo wa aina hiyo ukimshinda, ataandikwa kwamba ni mkopaji mbaya, na mkulima mwingine mwenye nyayo kama zake naye anashuka.

Ndo hapo utaelewa kwa nini wanaanza na vihela vidogo, wanakupa elfu tano, ukilipa elfu nane, ukilipa elfu kumi na tano. Wengi wanasema wanatuonea, elfu tano nifanyie nini. Ile elfu tano sio mkopo sana, ni nauli ya kwenda kukuchungulia. Wanakubali kuipoteza ili wapate mstari mmoja wa kweli kuhusu wewe, kwamba ulipewa na ulirudisha, maana mstari huo mmoja una nguvu kuliko vingi vya vile vitu vya mwanzo. Mangi anafanya hivyo hivyo, mpangaji mpya anaanza na kiberiti na sabuni ya kipande.

Sasa hizo ni kampuni zenye adabu. Kuna zile nyingine, na mtu wa Tanzania ukimwambia kausha damu hahitaji maelezo. Zamani kausha damu ilikuwa mama mmoja na kikundi chake cha marejesho wanakuja kuchukua kochi na jiko la gesi, sa hivi iko kwenye simu. Unaomba laki, inaingia elfu themanini, baada ya siku saba inatakiwa laki. Hiyo elfu ishirini juu ya themanini ni asilimia 25 kwa wiki, sio mwaka, wiki. Na hizi hazihangaiki sana na miti na misitu. Siku unapakua programu inakuomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako, we una shida na hela ya mtoto kwenda shule unabonyeza ruhusu, ruhusu, ruhusu. Hapo ndo dhamana umeweka. Dhamana ni aibu yako.

Mimi mwenyewe nilipata meseji mwaka juzi, niko kwenye daladala, namba siijui, inasema mtu fulani (wametaja jina lote) anadaiwa, ni tapeli, amekuweka wewe kama mtu wa karibu, mwambie alipe leo kabla hatujachukua hatua. Huyo mtu nilikuwa na namba yake kwa sababu aliwahi kunitengenezea kabati. Hatujawahi kula pamoja. Baadaye nikaja kujua walituma kwa watu wengi sana, mpaka mchungaji wake na mama mkwe. Deni lilikuwa elfu sitini na kitu. Alilipa jioni ile ile, kwa kukopa kwenye programu nyingine.

Serikali na wenye masoko ya programu walichelewa ila walikuja. Google mwaka 2023 ilipiga marufuku programu za mikopo kusoma majina na picha za mtumiaji, ila programu inayopakuliwa kwa linki ya WhatsApp haipiti kwa Google. Kenya ilibadilisha sheria ya benki kuu mwishoni mwa 2021 na kanuni za wakopeshaji wa kidijitali zikatoka 2022, na ofisi ya kulinda data huko imeshawatoza faini wakopeshaji waliokuwa wanasumbua watu waliomo kwenye simu za wadaiwa. Huku kwetu Benki Kuu ya Tanzania Novemba 2024 ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni. Orodha ndefu, lakini jina la programu unalibadilisha kwa mchana mmoja, leo "haraka" kesho "chapchap", nembo ya kijani inakuwa ya zambarau.

Ila hizo sheria nyingi zinagusa kudai, hazigusi sana kuamua. Swali la Mangi lilikuwa tofauti, yeye hajatukanwa na mtu, anataka sababu tu. Marekani, ambako mambo ya kumpa mtu alama yalianza zamani (kampuni ya Fair na Isaac ni ya 1956, na ile alama yao maarufu ya FICO ilitoka 1989), tangu miaka ya 1970 mkopeshaji akikunyima anatakiwa kukupa sababu zenyewe, sio "hukufikia vigezo". Na 2022 mamlaka ya kulinda watumiaji huko ikasema kabisa kwamba kutumia kompyuta ngumu kueleweka sio kisingizio, kama huwezi kutoa sababu basi usiitumie. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya 2019 inampa mtu haki ya kutoamuliwa mambo makubwa na mashine peke yake, na ya Tanzania ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo imegusa hilo la maamuzi ya mashine. Kwenye karatasi Mangi ana pa kushika. Kwenye simu ana yule dada anayeona kama anavyoona yeye.

Na tuwe wakweli, sio kwamba dada anaficha. Inawezekana kabisa hakuna mtu kwenye jengo lile anayejua. Miti mamia, kila mmoja umevuta kidogo huku, mwingine kidogo kule, ukiuliza nani kashusha limiti jibu ni wote. Zipo njia za kuuliza kinyume, yaani unabadilisha kitu kimoja kwenye nyayo za mtu unaangalia namba inasogea kiasi gani, na kwa njia hiyo unaweza kumwambia mteja "kilichokushusha zaidi ni hiki na hiki". Haina uchawi, watu wa data wanaifanya kila siku kwa ajili ya mabosi zao. Kumfanyia mteja ndo wanaona uvivu, na kuna sababu nyingine wanaitaja, wanasema wakikwambia vigezo utavichezea.

Kuchezewa kweli kunachezewa. Ingia kwenye kundi lolote la WhatsApp la wafanyabiashara utakuta mtu anauza mbinu za kupandisha limiti. Tuma hela kwa mke wako, akurudishie, umtumie shemeji, akurudishie, zungusha hiyo hiyo elfu hamsini mara ishirini kwa wiki. Lipa umeme kwa simu hata kama wakala yuko mlangoni. Usiache salio likae sifuri usiku. Nyingine zinasaidia kweli na nyingine ni ramli, ila angalia kinachotokea, ile alama ilikuwa inapima biashara yako, sasa inapima bidii yako ya kuzungusha hela, na kampuni ikishtuka inabadilisha maswali, na yule ambaye hakuzungusha kitu, alikuwa anaishi tu maisha yake, anaamka asubuhi kashushwa.

Nikarudi kwa Mangi jioni moja nikamwambia lete simu. Tukafungua orodha ya miamala ya lipa namba ya duka, tukashuka nayo mwezi kwa mwezi. Oktoba imejaa. Novemba imejaa, buku mbili, elfu saba, mia tano, buku. Desemba inaenda vizuri mpaka tarehe 14. Alafu hakuna kitu. Kimya tarehe 15, kimya 20, kimya Krismasi, kimya mwaka mpya, mpaka tarehe 8 Januari inaanza tena na mtu kanunua mkate.

Mangi, nikamwambia, ulikuwa wapi hapa?

Akaniangalia kama nimeuliza kitu cha kipuuzi. "Si nilikuwa Moshi."

Mtaa mzima unajua Mangi Desemba yuko Moshi. Mtoto wa darasa la pili anajua. Desemba hii mji utabaki na nafasi za kupaki, mabasi ya kaskazini yatapandisha nauli, na nusu ya maduka ya mangi Dar es Salaam yatakuwa na kufuli, hii ni habari ya kila mwaka, watu wanaifanyia utani kabisa. Mimi nakisia tu, hakuna aliyetuambia rasmi, lakini duka lenye wiki tatu bila muamala hata mmoja, kwenye lile lundo la kompyuta, linafanana na duka lililokufa. Na maduka yaliyokufa hayalipi. Alafu kuna na lile daftari, wateja wake wakubwa wanachukua kwa mkopo na wanakuja kulipa keshi mwisho wa mwezi, hiyo hela simu haijawahi kuiona hata siku moja. Nusu ya biashara iko kwenye kaunta buku.

Akakaa kimya kidogo, akamhudumia mtoto wa jirani viungo vya mia mbili. Alafu akasema mwaka huu laini ya duka haendi nayo Moshi, anamwachia mpwa wake anayebaki hapa Dar, na kila jioni huyo dogo atalipia lipa namba elfu mbili, siku nyingine tatu, kwa namba tofauti tofauti, duka likiwa limefungwa hivyo hivyo.

Nikamkumbusha kuna makato akija kuitoa.

"Makato nayajua," akasema, akafungua daftari ukurasa wa nyuma. Alishapiga hesabu ya siku ishirini na tano, kwa peni nyekundu.